Paa Gumu Juu ya Gari la Wazi: Somo la Msokoto, Upepo na Joto

Gari la wazi ni gari ambalo bodi yake imeundwa bila paa la kudumu. Abiria hufunikwa kwa turubai lenye fito zinazokunjika, na hali ya hewa ikiwa nzuri turubai hilo hulazwa nyuma ya viti. Tangu zamani watengenezaji wa magari madogo ya spoti wameuza pia kifuniko cha pili, yaani paa gumu la bati au la plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, lenye dirisha la kioo kwa nyuma. Katika nchi za baridi paa hilo hufungwa majira ya theluji yanapokaribia, na huondolewa kiangazi kinapoingia.

Kwa mtazamaji, kazi ya kulifunga ni sawa na kufunika sufuria. Lakini sufuria haisokotwi na mashimo ya barabara, wala haipulizwi na upepo wa kilomita 100 kwa saa. Paa lililofungwa ovyo huvuja, na maji yanayovuja huozesha bodi mahali pasipoonekana. Likifungwa ovyo zaidi huweza kung'oka njiani na kumwangukia anayefuata nyuma. Kwa sababu hiyo kazi hii ndogo ya gereji yafaa kuchunguzwa kwa macho ya fizikia, hata na wanafunzi ambao huenda wasimiliki gari la namna hiyo maishani.

Mfano utakaotumiwa hapa ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza. Gari hili la viti viwili lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza huko Chicago mwezi Februari 1989; nchini Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Kizazi hicho kiliendelea hadi mwaka 1997, kikafuatwa na cha pili kilichotengenezwa mpaka mwaka 2005. Tungamo la gari ni kilo 950 hivi, na la paa lake gumu ni kilo 20 hivi. Paa la kizazi cha kwanza huingia pia katika gari la kizazi cha pili. Jambo hilo ni neema kwa mnunuzi, lakini ndilo pia chanzo cha kazi yote inayoelezwa hapa, maana mapaa mengi yaliyopo leo yamehama kutoka gari moja hadi jingine. Paa lililozoea bodi moja kwa miaka 20 halitakaa sawasawa juu ya bodi nyingine bila kurekebishwa.

Sanduku lisilo na kifuniko

Mwalimu na aanze na sanduku la viatu. Mwanafunzi alishike kwa pembe mbili zinazokabiliana na kujaribu kulisokota. Likiwa wazi, hupinda kwa urahisi. Kifuniko chake kikigundishwa kwa utepe pande zote, sanduku lile lile hukakamaa ghafula. Fundi seremala anaijua siri hii bila kuisoma: kabati lililong'olewa ubao wa nyuma huyumba, hata kama mbao zake nyingine zote ni nene.

Nguvu ya hoja hii huonekana zaidi katika hesabu ya bomba. Chukua bomba refu la karatasi ngumu, lenye nusu kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 1, kisha upasue ubavu wake kwa wembe kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuna karatasi iliyoondolewa. Uzito ni ule ule. Hata hivyo ukakamavu wake dhidi ya msokoto umepungua kwa uwiano wa mara tatu ya mraba wa nusu kipenyo uliogawanywa kwa unene. Yaani 20 gawanya kwa 1, kwa mraba ni 400, mara 3 ni 1,200. Bomba zima ni kakamavu mara 1,200 kuliko lililopasuliwa! Sababu yake ni kwamba katika bomba zima mkazo huzunguka ukutani bila kukatizwa, na kila sehemu huisaidia jirani yake. Mpasuko huikata njia hiyo, na kingo mbili huanza kuteleza moja kando ya nyingine. Mwanafunzi akilisokota bomba lililopasuliwa ataziona kingo hizo zikiteleza.

Gari la wazi ni bomba lililopasuliwa juu. Wahandisi hufidia upungufu huo kwa kuimarisha sakafu na hasa boriti mbili za chuma zilizo chini ya milango. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika MGB ya Uingereza iliyotoka mwaka 1962, ambayo haina chesisi ya pekee na hutegemea boriti hizo, na ndivyo ilivyo katika MX-5. Kutu ikiziingia boriti hizo, gari limepoteza uti wake wa mgongo.

Je, paa gumu hulirudishia gari ukakamavu wake? Wauzaji hupenda kusema ndiyo. Jibu la haki ni kwamba husaidia, lakini kwa kiasi. Kifuniko cha sanduku la viatu kilisaidia sana kwa sababu kiligundishwa pande zote. Paa la gari limeshikwa mahali pachache tu: makomeo mawili mbele, mawili ubavuni nyuma ya milango, na vishikizo viwili nyuma. Baina ya sehemu hizo hakuna ila mpira laini, na mpira haupitishi mkazo wa kuteleza. Jaribio la sanduku lirudiwe, safari hii kifuniko kikibanwa kwa vibanio sita vya nguo tu. Tofauti itadhihirika mikononi.

Kutokana na hayo linapatikana onyo la kwanza. Paa gumu lisitumiwe kuficha udhaifu wa bodi. Kabla ya kununua paa, fundi na ainue pembe moja ya gari kwa jeki, mahali palipokusudiwa kwa kazi hiyo, kisha atazame mwanya wa mlango. Mwanya ukisinyaa kwa dhahiri, au mlango ukikataa kufunguka, boriti za chini zitengenezwe kwanza. Onyo la pili ni la uhai: paa hili la plastiki halikukusudiwa kuwa kinga gari likipinduka. Kinga hiyo ni kazi ya nguzo za chuma zilizoundwa kwa ajili hiyo.

Upepo unaovuta kwenda juu

Watu wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma paa chini au nyuma. Kwa kweli hewa inayopita juu ya mgongo wa paa hulazimika kupinda na kwenda kasi zaidi, na kanieneo yake hupungua. Ndani ya gari hewa imetulia na kanieneo yake ni kubwa zaidi. Tofauti hiyo hulisukuma paa kwenda juu. Ndiyo maana turubai la gari la wazi huonekana limevimba kama tanga linapokwenda kwa kasi, na ndiyo maana upepo mkali huyang'oa mabati ya nyumba kwenda juu badala ya kuyabonyeza.

Ukubwa wa kani hiyo waweza kukadiriwa. Kanieneo ya mwendo wa hewa ni nusu ya densiti mara mraba wa kasi. Densiti ya hewa ni kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kasi ya kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Tukizidisha tunapata paskali 463 hivi. Kwa ajili ya zoezi, tuchukulie kwamba tofauti ya kanieneo baina ya ndani na nje ni nusu ya kiasi hicho, yaani paskali 230, na kwamba eneo la paa likitazamwa kutoka juu ni mita za mraba 1.2. Kani ya kulivuta juu itakuwa newtoni 276. Uzito wa paa lenye tungamo la kilo 20 ni newtoni 200 tu, kwa kadirio la newtoni 10 kwa kila kilo.

Kwa makadirio haya, paa lisilofungwa huanza kuelea kabla gari halijafika kilomita 100 kwa saa. Kwa kuwa kani hukua kwa mraba wa kasi, mwanafunzi aweza kuitafuta kasi ambayo kani na uzito hulingana. Atapata kilomita 85 kwa saa. Katika kilomita 50 kwa saa kani ni robo tu, yaani newtoni 69, na dereva hatahisi lolote. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyeacha komeo moja wazi huzunguka mjini siku nzima bila dalili yoyote, na kosa humfikia akiwa katika barabara kuu.

Kazi yenyewe

Gari lisimame kwa magurudumu yake manne juu ya sakafu ya sawa, matairi yakiwa na upepo sawa. Sharti hili hudharauliwa mara kwa mara, nalo si dogo. Gari lililo juu ya jeki au lenye gurudumu moja shimoni limesokotwa kidogo. Paa likifungwa katika hali hiyo, makomeo yataushika msokoto ule, na gari likishuka yatabaki yakivutana nao.

Turubai hukunjwa kikamilifu na kulazwa mahali pake. Katika MX-5 si lazima liondolewe. Dirisha lake la nyuma, ikiwa ni la plastiki, hufunguliwa zipu kwanza lisije likakunjika na kupasuka. Vioo vya milango huteremshwa chini kabisa. Kisha watu wawili, mmoja kila upande, hulinyanyua paa kwa kushika ukingo wa mbele na wa nyuma. Kilo 20 si mzigo mzito kwa watu wawili, lakini umbo lake ni pana, na mtu mmoja hawezi kuufikia wastani wake bila kulegemea gari na kukwaruza rangi. Wenye gereji hutumia kapi na mikanda minne iliyofungwa darini. Njia hiyo ni nzuri ikiwa boriti ya dari ni imara.

Paa hushushwa polepole, vishikizo vya nyuma vikielekezwa penye vipokezi vyake, huku ukingo wa mbele ukiachwa ulale juu ya fremu ya kioo cha mbele. Hapo pasikazwe kitu. Kwanza hutazamwa kama paa liko katikati: pengo la kushoto na la kulia lipimwe kwa rula, si kwa jicho. Ndipo makomeo ya mbele hufungwa nusu, yakafuatwa na ya ubavuni, kisha vishikizo vya nyuma, halafu yote hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, kama nati za gurudumu zinavyokazwa kwa kuvuka kutoka upande hadi upande. Anayekaza komeo moja hadi mwisho kabla ya kugusa jingine hulivuta paa upande mmoja, na baadaye huilaumu raba.

Komeo la mbele lina mafunzo yake. Ni wenzo wenye kiungo kinachopita ng'ambo ya mstari ulionyooka, kama goti linavyonyooka. Mwanzoni mkono husogea sana na ndoano husogea sana, lakini kani ni ndogo. Kiungo kikaribiapo kunyooka, mwendo mkubwa wa mkono huleta mwendo mdogo mno wa ndoano, na kani ya ndoano huzidi sana ile ya mkono. Kikishapita mstari, mvuto wenyewe ndio unaolifunga komeo. Kwa hiyo urefu wa ndoano lazima urekebishwe vema: ikiwa ndefu paa halibanwi, na ikiwa fupi mno fremu ya kioo huvutwa kwa kani ambayo aliyefunga hakuihisi mkononi. Komeo linalohitaji kugongwa kwa kiganja limekazwa kupita kiasi.

Gari ambalo halikuja na vipokezi vya ubavuni huhitaji kuongezewa. Hapa fundi asitoboe bati jembamba na kuweka bolti na wasa ndogo tu. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Chini ya wasa ndogo bati litapinda, kisha litachanika kwa kuvutwa mara nyingi. Nyuma ya bati huwekwa bamba la chuma la kuegemeza, na kila tundu hupakwa rangi kabla ya bolti kuingia, kwani chuma kilichokwaruzwa ni mlango wa kutu. Ikiwa dirisha la paa lina waya za kupasha kioo joto, plagi yake huunganishwa baada ya kuhakikisha kwamba gari lina nyaya za kuipokea na fyuzi inayofaa.

Raba, chaki na maji

Mpira wa kuzibia hauzuii maji kwa kugusa tu, bali kwa kubonyezwa na kutaka kurudi katika umbo lake. Mpira mzee umesahau umbo hilo. Umebaki bapa, na ukibonyezwa haurudi. Paa la miaka 30 lenye mpira wake wa asili mara nyingi litavuja hata likifungwa na fundi hodari, na ni heri fedha zitumike katika mpira mpya kuliko katika gundi ya kuziba nyufa. Mpira upakwe grisi ya silikoni. Grisi ya petroli huvimbisha aina nyingi za raba na kuziharibu.

Kwa uchunguzi, darasa lolote lina chombo kinachohitajika. Unga wa chaki hupakwa juu ya mpira, paa likafungwa, kisha likafunguliwa. Mahali ambapo chaki imeacha alama juu ya bodi, mpira umegusa. Penye pengo katika mstari mweupe ndipo maji yatakapopita. Njia ya pili ni kipande cha karatasi kilichowekwa juu ya mpira kabla ya kufunga. Kikivutwa lazima kikaze. Kikitoka bure, hapana mbano. Ya tatu ni taa ndani ya gari usiku.

Jaribio la maji huja mwisho, nalo huanza chini kwenda juu. Anayemwaga maji juu ya paa mara moja ataona sakafu imelowa lakini hatajua yalipoingilia, kwani maji husafiri mbali chini ya kitambaa kabla ya kudondoka. Mwenye busara humwagia kwanza ukingo wa chini kwa dakika chache, akatazama ndani, kisha akapanda kidogo. Penye unyevu wa kwanza ndipo penye kasoro.

Si kila tone ni kosa la paa. Nyuma ya viti vya MX-5 kuna mfereji unaopokea maji yanayoteremka kutoka kwenye turubai na kuyapeleka chini kwa mirija miwili inayotokea mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi vikiiziba mirija hiyo, maji hujaa, humwagika ndani, na huingia katika zile boriti za chini ya milango zilizotajwa mwanzo. Kutu ya boriti hizo ni ugonjwa maarufu wa gari hili. Kwa hiyo mirija husafishwa kabla ya paa kufungwa, maana turubai likishalala chini ya paa kwa miezi kadhaa hakuna atakayekumbuka kuitazama.

Joto

Chuma cha bodi hutanuka kwa sehemu 12 hivi katika milioni kwa kila digrii ya joto. Plastiki yenye nyuzi za kioo hutofautiana kulingana na wingi wa nyuzi, lakini kwa kawaida hutanuka zaidi. Kwa hesabu yetu tuchukue 25. Paa lenye upana wa mita 1.2 likipata joto la digrii 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, tofauti ya kutanuka baina yake na bodi itakuwa 13 katika milioni, mara 1.2, mara 40, yaani milimita 0.62. Kiasi hicho ni kidogo kwa macho, lakini si kidogo kwa bolti iliyokazwa bila nafasi yoyote. Paa litapinda juu, au litapata ufa mwembamba penye tundu la bolti. Mpira na nafasi ndogo katika vipokezi vimewekwa ili kuuruhusu mwendo huo. Paa la rangi nyeusi likiachwa juani hupata joto zaidi ya bodi iliyo chini yake, na tofauti huongezeka tena.

Wabunifu wa Mercedes-Benz walikuwa na jibu lao la kupendeza kuhusu ukakamavu wa paa lenyewe. Gari lao la 230 SL, lililotoka mwaka 1963, lilikuwa na paa gumu lililobonyea katikati na kuinuka pembeni, hata likaitwa Pagoda. Madirisha yaliweza kuwa marefu, na mbonyeo uliliongezea bati uthabiti bila kulinenepesha. Karatasi iliyoshikwa upande mmoja huanguka; ikikunjwa kidogo katikati kwa urefu wake husimama. Bati la mawimbi la kuezekea hufuata kanuni hiyo hiyo.

Paa likiondolewa msimu wa kiangazi, liwekwe wima juu ya egemeo lenye mto, au litundikwe kwa mikanda mipana. Lisilazwe kifudifudi juu ya kioo chake cha nyuma.

Zoezi kwa darasa

Kitovu cha uzito cha gari la kilo 950 kichukuliwe kuwa sentimita 45 juu ya ardhi. Paa la kilo 20 linafungwa, na kitovu chake kiko sentimita 110 juu ya ardhi. Wanafunzi watafute kitovu kipya, kisha waeleze kwa nini dereva wa mashindano hulijali badiliko hilo ilhali dereva wa kawaida hulisahau. Wanaohesabu sawasawa watapata sentimita 46.3, yaani kitovu kimepanda kwa milimita 13 hivi. Wakishamaliza, wapewe swali gumu zaidi: gari hilo hilo lina boriti dhaifu ya kushoto, na linapita juu ya tuta kwa gurudumu moja la mbele. Ni komeo lipi kati ya yale manne litakalovutwa zaidi, na alama ya chaki itakuwaje siku ya pili?